Kodi ya Mpangaji Mgonjwa

Katika miji yetu ya pwani wako wengi ambao riziki yao ni kodi ya nyumba, na suala hili huwafika. Mpangaji mwema, aliyekuwa akilipa kila mwezi bila ya kudaiwa, ameshikwa na maradhi mazito. Kazi imekatika na fedha yote yenda kwa dawa. Miezi miwili imepita hakulipa. Mwenye nyumba afanyeje?

Kwanza, kodi ya miezi iliyopita ni deni, na ugonjwa haulifuti. Lakini mdeni ambaye dhiki yake imethibiti, Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, angojewe mpaka apate wasaa. Na kumsamehe ni kheri zaidi. Basi kumngoja ni wajibu, na kumsamehe ndiko hisani. Wengi wetu humpa mgonjwa muhula wa siku kumi, wakajiona wamefanya hisani kubwa.

Pili, haijuzu kumuongezea hata senti moja kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo riba ya zama za Jahiliya: ama lipa, ama deni lizidi.

Tatu, wako wasemao, "Nimemsamehe, na hiyo ndiyo zaka yangu." Kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafi, hilo halisihi, kwani zaka hukabidhiwa anayestahiki. Lakini akimpa zaka mkononi bila ya sharti, kisha mgonjwa kwa khiari yake akalipia deni, yafaa.

Nne, huenda mwenye nyumba naye ni mjane asiye na tegemeo ila chumba hicho. Kodi ya miezi ijayo haijawa deni, na mapatano ya mwezi yakisha halazimiki kuyafanya upya. Hapo jamaa na majirani wasimuachie mjane peke yake mzigo wa mgonjwa, wachange.

Mpangaji naye asijifiche. Aeleze hali yake mapema, alipe awezacho, na muhula uandikwe mbele ya mashahidi.

Kaab bin Malik na Ibn Abi Hadrad waligombana msikitini kwa deni mpaka Mtume (s.a.w.) akawasikia. Alimwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab alipokubali, Mtume alimgeukia mdeni, akamwambia ainuke akalipe iliyobaki. Kila mmoja alitakiwa atoe chake, na ugomvi ukesha.

Wabillahi tawfiq.