Je, Uzio Watosha Kumlinda Mtoto?

Tarehe 26 Julai, 2006, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 410 dhidi ya 15, muswada wa kuwazuia watoto wasiingie katika mitandao ya kijamii wawapo shuleni na katika maktaba za umma. Aliyeuleta ni Michael Fitzpatrick, mjumbe kutoka jimbo la Pennsylvania. Siku hizo vijana wengi walikuwa katika mtandao wa MySpace, na ilijulikana ya kuwa watu waovu huitumia mitandao ya namna hiyo kuwarubuni watoto. Hapana shaka nia ya muswada ilikuwa njema. Lakini nia njema ni jambo moja, na njia iliyo sawa ni jambo jingine.

Kwanza, yafaa ifahamike ni nani aliyebanwa. Sheria ya mwaka 1996 ilianzisha mpango wa kuzipunguzia shule na maktaba gharama za simu na intaneti, kwa asilimia 20 hadi 90; na kadiri umaskini wa mahali unavyozidi, ndivyo punguzo linavyozidi. Muswada uliziwekea sharti la kuzuia shule na maktaba zinazopokea msaada huo. Natija yake ni dhahiri. Mtoto wa tajiri, mwenye kompyuta nyumbani, hakuguswa. Mtoto wa maskini, ambaye maktaba ndiyo mlango wake pekee, ndiye aliyefungiwa.

Pili, palipofungwa ni pale penye mwalimu na mkutubi, na palipoachwa wazi ni chumbani, ambako mtoto hukaa peke yake. Kweli, muswada uliruhusu kizuizi kiondolewe kwa masomo, mtu mzima akisimamia. Lakini hatari yenyewe humngoja mtoto pale ambapo msimamizi hayupo.

Huenda mtu akauliza: Je, basi tusizuie lolote? La, hasha! Tangu mwaka 2000 ilikwisha kuwapo sheria inayozitaka shule na maktaba hizo kuchuja picha chafu, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliamua ya kuwa haivunji katiba. Picha chafu haimfai mtoto kwa lolote, na kuizuia ni haki. Lakini mazungumzo baina ya watu yana heri na shari pamoja. Humo mna rafiki wa masomo, na humo mna mlaghai. Mashine haiwezi kumpambanulia mtoto mambo hayo. Sharti afundishwe mwenyewe.

Seneti haikuupitisha muswada ule. Badala yake, mwaka 2008 ilitungwa sheria inayozitaka shule zinazopokea msaada huo ziwafundishe watoto mwenendo ufaao katika intaneti, namna ya kuzungumza na wengine katika mitandao ya kijamii, na namna ya kutambua uonevu na kuukabili. Hapo sheria ilikaribia shina la jambo.

Basi wazazi wasidhani ya kuwa serikali ikifunga mlango mmoja wao wamepumzika. Uzio huishia mpakani, bali malezi humfuata mtoto kila aendako. Mzazi na amwulize mwanawe anazungumza na nani, na amzoeze kusema bila hofu pindi mgeni anapomtaka afiche siri. Mtoto ajuaye kwamba atasikilizwa nyumbani si rahisi kutekwa na mlaghai.