Kopo la Vitamini na Tumbo la Mzee

Basi likisimama hapa Mackinnon Road, mara nyingi hushushwa mfuko wa bibi au babu kutoka kwa watoto walioko Mombasa: sukari, majani ya chai, na siku hizi kopo la vitamini. Ni mapenzi hayo. Lakini kabla ya kulifungua, tandikeni mkeka, mmwage dawa zote anazotumia mzee, mzitazame moja moja.

Je, ipo metformin ya kisukari, au omeprazole ya kiungulia? Zikitumika kwa miaka, hupunguza uwezo wa mwili kupata vitamini B12. Umri nao hupunguza asidi ya tumbo, ile inayoitoa vitamini hiyo kwenye chakula. Mzee huanza kuhisi ganzi, nyayo zinamwaka moto, anachoka, anasahau. Nyumbani tunasema, "Ni uzee tu." Tusiseme hivyo kabla hajapimwa damu, maana upungufu huu una tiba, kwa tembe au sindano. Mahitaji yenyewe ni madogo, mikrogramu 2.4 kwa siku, na hupatikana kwenye maini, samaki, mayai na maziwa. Mchicha, pamoja na uzuri wake wote, hauna.

Dawa za kuongeza damu zina madini ya chuma. Hizo hufunga choo na kukigeuza cheusi. Lakini mzee asiyezimeza, hasa anayetumia dawa za maumivu, akipata choo cheusi kinachonata kama lami, huenda anavuja damu tumboni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vitamini C nayo, ikizidi miligramu 2,000 kwa siku, huweza kumharisha.

Tumbo likifunga, anzeni na maji. Wazee hawahisi kiu upesi, na huku kwetu kwenye ukame wengi hujinyima kikombe ili mtungi uwatoshe wajukuu. Mpeni mkononi, mkae naye hadi anywe, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo. Sima iwe ya unga usiokobolewa, kwa kunde au mnavu, na maziwa lala yakipatikana.

Msimwachishe dawa yoyote wenyewe. Zifungeni zote kwenye mfuko mmoja, na kopo hilo pia, mwende naye zahanati.