SOMO LETU: KUACHA SIGARA NA KUSHINDA HAMU YAKE



Katika somo la safari hii twazungumza juu ya kuacha sigara. Twawaandikia watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule avutaye, ambaye amekwisha kusema moyoni "nitaacha" si mara moja wala mara mbili. Wa pili ni wale wakaao naye: mke au mume, watoto, wazazi, na sisi tuketio naye benchi moja kanisani. Wote wana kazi ya kufanya, na wengi hushindwa kwa sababu hawakujua wanapigana na kitu gani.

Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Mvutaji hana haja ya kuambiwa tena kwamba sigara ni mbaya. Pakiti yenyewe imeandikwa hivyo. Yafaa zaidi ajue jinsi hamu ile inavyofanya kazi mwilini, apate kuishinda.

1. Mafundo mawili

Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini huingia mapafuni, hupita katika damu, na kwa muda wa sekunde kumi hivi imekwisha kufika kwenye ubongo. Huko huamsha hali ya kuburudika. Lakini haikai. Kila baada ya saa mbili hivi, nikotini iliyomo katika damu hupungua kwa nusu. Ubongo uliokwisha kuizoea huanza kuidai, na mtu huona kero, hasira na kukosa utulivu. Akivuta tena, kero ile huondoka.

Hapa ndipo penye udanganyifu. Mvutaji husema, "Sigara hunituliza." Kwa kweli, mara nyingi sigara ile imetuliza tu kero iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Ndiyo maana sigara ya alfajiri huonekana tamu kuliko zote: usiku kucha mwili umekosa nikotini. Asiyevuta huamka bila deni hilo.

Hilo ni fundo la kwanza, fundo la mwili. Siku hizi redioni husikia likiitwa uraibu. Mwaka 1988 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Dakta C. Everett Koop, alitoa taarifa iliyoonyesha kwamba nikotini humfunga mtu kwa njia zinazofanana na zile za heroini na kokeini. Basi mtu anayeshindwa kuacha kwa siku moja asihesabiwe kuwa mzembe au mwenye imani haba. Amefungwa na kitu chenye nguvu.

Fundo la pili ni mazoea. Mtu amevuta baada ya chakula, akinywa chai, akisubiri basi, akicheza bao kijiweni, au akipokea habari mbaya. Mambo hayo na sigara yameshikana pamoja. Hata nikotini ikiisha mwilini, kikombe cha chai chaweza kumkumbusha sigara. Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Kila fundo lina namna yake ya kufunguliwa, na mwenye kufungua moja tu hushangaa kuona bado amefungwa.

2. Je, yuko aliyechelewa?

Wazee wengi husema, "Nimevuta miaka thelathini, kuacha sasa kutanifaa nini?" Tunalo jibu lililopimwa. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi yao kuwauliza kama wanavuta sigara au hawavuti. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kwa muda wa miaka hamsini, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walikufa mapema kuliko wasiovuta kwa kadiri ya miaka kumi.

Lakini uchunguzi huo ulikuwa na habari njema pia. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijipatia kama miaka mitatu ya kuishi. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alijipatia sita. Wa miaka 40 alijipatia tisa, na wa miaka 30 aliepuka karibu hasara yote. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, naye aliacha alipoona mambo aliyokuwa akiyachunguza.

Nafuu huanza upesi. Moshi wa sigara una ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo pia hutoka katika jiko la mkaa na kuua watu waliolala wamefunga madirisha. Baada ya siku moja au mbili bila sigara, hewa hiyo huwa imekwisha kutoka katika damu. Ukitimiza mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa nusu hivi. Ukitimiza miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo huwa nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Wala nafuu hiyo si ya mvutaji peke yake. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni saba kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja ni watu wasiovuta, waliovutishwa moshi wa wenzao. Mtoto alalaye chumba kimoja na mvutaji huingia katika hesabu hiyo bila kuulizwa.

3. Kujiandaa

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Kadhalika anayetaka kuacha sigara ajitayarishe kabla ya siku yenyewe.

(a) Chagua siku. Isiwe mbali sana. Majuma mawili yatosha. Wengine huchagua siku ya kwanza ya Kwaresima, wengine siku ya kuzaliwa mtoto wao. Kupunguza kidogo kidogo bila kuweka siku ya mwisho mara nyingi humrudisha mtu pale pale alipokuwa.

(b) Chunguza mazoea yako. Kwa juma moja andika kila sigara unayovuta: saa ngapi, mahali gani, pamoja na nani. Utaona kwamba nyingine unavuta kwa hamu kali na nyingine kwa mazoea ya mkono tu.

(c) Fanya hesabu. Avutaye sigara kumi kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka. Mara kwa hiyo bei ya sigara moja hapo kibandani kwenu, kisha tazama kama si karo ya mtoto au mabati ya nyumba. Wanaonunua moja moja ndio hasa wasioiona hasara hii, kwa kuwa fedha hutoka kidogo kidogo.

(d) Waambie watu wawili au watatu unaowaamini, na umwombe kila rafiki anayevuta asikupe sigara hata ukimsihi.

(e) Usiku wa kuamkia siku yako, toa nyumbani sigara zote, viberiti vya mfukoni na visahani vya majivu. Fua koti linalonuka moshi. Usiweke hata sigara moja "ya dharura", maana dharura itakuja kesho yake asubuhi.

4. Siku za kwanza

Yafaa mtu ajue yatakayompata, asije akadhani anaugua. Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Aweza kuwa na hasira za haraka, usingizi mbaya, njaa, huzuni, na kushindwa kukaza fikira kazini. Wengine hukohoa zaidi kwa muda, au hufunga choo. Mengi ya hayo hupungua katika majuma mawili hadi manne. Ni dalili za mwili unaojifunza upya kuishi bila nikotini.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: hamu huja kama wimbi. Hupanda, hufika juu, kisha hushuka, na kwa kawaida hudumu dakika chache tu. Hushuka hata usipovuta. Mvutaji hajapata kuliona jambo hilo, kwa kuwa siku zote alivuta kabla wimbi halijashuka. Kwa hiyo usijiulize utaishije miaka yote bila sigara. Jiulize utafanya nini katika dakika tano hizi. Tazama saa. Kunywa maji polepole. Ondoka mahali ulipo, utembee hadi kisimani au dukani na kurudi. Tafuna karoti, kipande cha muwa, au mswaki wa mti. Vuta pumzi ndefu. Mwenye kusali na asali. Kila wimbi unaloliacha lipite hulegeza fundo.

Fundo la mazoea hufunguliwa kwa kubadili utaratibu. Kama ulivuta baada ya ugali, inuka mara moja ukasafishe kinywa. Kama ulivuta kijiweni, kaa mbali na kijiwe kwa mwezi mmoja. Rafiki wa kweli watakungoja. Pombe ni hatari ya pekee, kwa maana wengi waliokwisha kuacha walirudia wakiwa na glasi mkononi. Mnywaji wa kahawa naye apunguze, kwa kuwa mtu akiacha sigara kahawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na mikono hutetemeka.

Wengi huongezeka uzito, pengine kilo nne au tano. Kutembea na kula matunda husaidia. Hata hivyo uzito huo hauna madhara kama ya sigara, na mtu asirudie kuvuta kwa ajili yake.

5. Dawa za kusaidia

Dawa zipo. Watu wanaochuma majani mabichi ya tumbaku, kama yale yanayolimwa Urambo mkoani Tabora, waweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu majani yakiwa na umande, kwa sababu nikotini hupenya ngozi. Waganga wametumia jambo hilo hilo kwa faida: kuna plasta ibandikwayo kwenye ngozi, nayo hutoa nikotini kidogo kidogo bila moshi. Kuna pia jojo ya nikotini. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeziweka hizo katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini.

Jojo hiyo haitafunwi kama ya watoto. Itafune polepole hadi uonje ukali, kisha uiweke kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena. Usinywe kahawa wala kinywaji kichachu robo saa kabla yake. Avutaye sigara ya kwanza kabla ya nusu saa kupita tangu kuamka kwa kawaida huhitaji ile yenye nguvu zaidi.

Dawa hizi ni ghali, na si kila zahanati inazo. Uliza hospitali ya wilaya au duka kubwa la dawa. Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa za kisukari, pumu au maradhi ya akili amwone daktari kwanza, kwa kuwa kuacha sigara kwaweza kubadili kipimo cha dawa. Mtu akishikwa na huzuni nzito isiyoondoka, asikae nayo peke yake, aende hospitali.

Tahadhari moja: anayeacha sigara akahamia ugoro, shisha au sigara za umeme zenye nikotini bado yumo katika fundo lile lile. Nazo sigara zilizoitwa "nyepesi" hazikumsaidia mtu, kwa sababu mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi hadi apate kiasi alichozoea.

6. Ukianguka

Kati ya watu mia wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaofika mwaka bila kuvuta ni wachache, kama watatu hadi watano. Wakipata dawa na watu wa kuwasaidia, idadi huongezeka. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kwanza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukivuta moja, usiseme "basi, nimekwisha kuharibu" ukamaliza pakiti. Itupe iliyobaki, uandike ni jambo gani lililokuangusha, uendelee siku ile ile.

7. Wajibu wa nyumba na kanisa

Ndugu mnaoishi naye, katika majuma yale ya kwanza atakuwa mkali. Vumilieni. Msimpekue mifukoni, wala msimnuse mbele ya wageni. Akianguka msimsimange, kwani mwenye kusimangwa hujificha, na aliyejificha hawezi kusaidiwa. Mumewe au mkewe akivuta, na waache pamoja ikiwezekana.

Katika parishi, wazee wa kanisa na umoja wa akina mama waweza kumpa kila anayeacha mwenzi mmoja wa kumtembelea, hasa siku tatu za kwanza. Itafaa zaidi mwenzi huyo akiwa mtu aliyewahi kuvuta naye akaacha. Ziara ya nusu saa jioni, wakati ule aliokuwa akienda kibandani, ni msaada mkubwa.

Mungu awatie nguvu wote wanaoanza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Fundo la mwili na fundo la mazoea yanatofautianaje? Taja mfano wa kila moja.
2. Kwa nini mvutaji huona sigara inamtuliza?
3. Mtu wa miaka 60 katika mtaa wenu anasema amechelewa. Mtamjibu nini?
4. Nani katika kikundi chenu anataka kuacha, na nani atakuwa mwenzi wake? Pangeni siku kabla hamjaagana.