Ubongo nao unakula: sukari ya damu wakati wa kulima

Ba papa na ba mama wa koperative, mvua ikianza hapa kwetu Likasi, mingi tunatoka asubuhi na jembe bila kula kitu, bukari tunaikuta saa nane. Mtu mwenye afya anavumilia. Juu ya nini? Ini limeweka akiba ya sukari, linaitoa polepole usiku kucha, na akiba ikipungua linatengeneza ingine.

Ubongo wenyewe hauna gala. Uzito wake ni kama 2% tu ya mwili wa mtu mzima, lakini unakula karibu 20% ya nguvu yote, hata umelala. Damu ndiyo inauletea sukari, dakika kwa dakika. Sukari ikishuka, mwili unapiga alama: jasho baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Ikishuka zaidi, ubongo unakosa chakula: mtu anasema ovyo, anagombana bure, anaanguka, anashikwa na degedege. Jirani anasema amelewa ao amerogwa. Wakati unapotea, na ubongo ukikaa sana bila sukari unaharibika.

Mwenye diabete aliyepiga insulini asiende shambani bila kula. Hata muhogo wa jana unasaidia kuliko chai tupu. Lutuku juu ya tumbo tupu ni hatari, maana pombe inazuia ini kutengeneza sukari.

Lakini tunaogopa zaidi juu ya mtoto mwenye malaria kali. Akiba yake ni ndogo, hakuli, na vimelea vya malaria navyo vinakula sukari ya damu. Kinini nayo inaweza kuishusha, sababu inasukuma mwili kutoa insulini. Ndiyo maana muuguzi anamchoma kidole: kwa malaria kali, chini ya miligramu 40 katika desilita moja ya damu ni hatari kubwa.

Akiwa anameza, mpe maji ya sukari kidogo kidogo: vijiko vidogo 4 ndani ya kopo ya mililita 200. Anayenyonya, aendelee kunyonya. Akizimia, usimwangie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Degedege ikiisha, mlaze ubavu, weka kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa chini ya ulimi, na kwendeni lupitalo palepale, musingoje aamke. Kama ni kwa kinga, mmoja asukume, mwingine amshike mtoto na kuangalia pumzi yake.