SOMO: KUWASHA UPYA SI SAWA NA KUZIMA



Siku hizi hesabu za mishahara, za kilo za chai na za saa za ziada mara nyingi huwekwa katika kompyuta. Yafaa tujue mashine hizi zinavyoendeshwa, tusije tukalaumiwa bure.

Kompyuta moja kubwa yaweza kubeba nyingine nyingi ndani yake. Hizo hazina chuma chao. Ni programu tu, na huitwa kompyuta pepe. Kila moja hugawiwa sehemu ya prosesa na ya kumbukumbu, kama familia zinavyogawiwa vyumba katika kota moja.

Kompyuta pepe ikiwashwa upya, programu zake huanza tena, lakini yenyewe huwa haikuzimwa. Kwa hiyo baadhi ya mabadiliko ya prosesa aliyogawiwa hayaonekani mpaka izimwe kabisa, kisha iwashwe.

Jambo hili lilileta taabu mwaka 2018, zilipotangazwa kasoro za prosesa zilizoitwa Meltdown na Spectre. Kasoro hizo ziliweza kufichua siri zilizomo katika kumbukumbu. Sehemu ya dawa yake ilitaka kompyuta pepe zitambue uwezo mpya wa prosesa. Kuwasha upya hakukutosha, ilibidi zizimwe.

Baadaye programu ya VMware vSphere iliongezewa agizo liitwalo vmx.reboot.PowerCycle. Likiandikwa TRUE, yaani ndiyo, kompyuta pepe hungoja. Siku itakapowashwa upya kwa kawaida, itazimwa kabisa na kuwaka yenyewe, ikiwa na mipango mipya. Agizo hilo hutumika mara moja tu.

Faida yake ni kwamba mtumishi halazimiki kukesha akizima mashine moja moja. Hatari yake ni hii: agizo lililoandikwa Jumatatu laweza kutenda kazi Ijumaa, mikononi mwa karani asiye na habari. Mashine ikikataa kuwaka, atalaumiwa nani?

Basi tudai mambo matatu:

1. Kila agizo liandikwe daftarini: nani kaliweka, lini, na kwa sababu gani.
2. Nakala ya hesabu ichukuliwe kwanza.
3. Kazi hiyo isifanywe siku za kutayarisha mishahara.

Swali la kujadiliana tawini: Mashine ikipunguza kazi ya usiku, mwenzetu apate nini, usingizi au barua ya kuachishwa kazi?