PS2 ya Flashi Inapochelewa Kufungua

Pale njia panda ya Nyakanazi, dereva wa lori la Rusumo anaingia kibanda cha gemu kupiga mechi moja ya PES, gemu la mpira, wakati utingo anabadilisha tairi. Hawezi kusubiri PS2 izubae dakika mbili. Wenye vibanda wengi hukimbilia kununua flashi mpya, na hiyo ni hela ya kutupa. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani, toleo 1.1: linapitisha megabiti 12 kwa sekunde, ambazo hazifiki hata megabaiti 2. Flashi ya bei yoyote itapita kwenye mrija huohuo mwembamba.

Shika saa ya simu, washa mashine, uone muda unapotelea wapi.

Muda ukipotea kabla ya menyu ya Free McBoot (programu ya kwenye memori kadi inayoiwezesha PS2 kufungua programu nyingine), angalia kama kuna CD iliyosahaulika ndani. Lenzi iliyochoka huhangaika nayo hata kama huihitaji. Chomoa memori kadi, futa meno yake kwa pamba yenye spiriti, irudishe. Kisha ipange Free McBoot ifungue yenyewe OPL, programu inayofungua gemu, bila mtu kubonyeza padi.

Muda ukipotea ndani ya OPL (na mara nyingi ni hapa), ingia kwenye mipangilio. Utakuta USB, diski ngumu na mtandao, kila kimoja na namna yake ya kuanza. Vyote vikiachwa vijianzishe, OPL itatafuta diski na kebo ambazo huna. Acha USB peke yake. Zima na picha za makava; zinapendeza, lakini nazo zinasomwa kupitia mrija uleule. Hifadhi mabadiliko, la sivyo kesho utaanza upya.

Gemu likigoma kufunguka, huenda faili lake limetawanyika kwa sababu ya kufuta na kunakili kila wiki. Hamishia gemu zote kwenye kompyuta, fomati flashi kwa FAT32, rudisha moja moja. Linalozidi GB 4 likatwe kwanza vipande kwa USBUtil, programu ya kompyuta.

Video za mwanzo za PES bado zitakwamakwama. Hapo dawa ni kuachana na flashi: PS2 Slim ina tundu la kebo ya mtandao, na laptopu kuukuu inaweza kuilisha gemu kwa kasi zaidi. Washa mtandao kwenye OPL, zima USB. Kebo ipitishe juu ya ukuta, mbali na miguu ya watoto.