Koti la Kupandia Mlima Upande wa Mvua

Ukipanga kupanda Mlima Kenya kupitia Chogoria, jua kwamba umechagua upande wenye maji. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika umejaa unyevu, ukaikuta miteremko ya kusini-mashariki, juu ya Embu, Chuka na Chogoria, na mzigo wake huutua hapo. Upande huo kuna sehemu zinazopata hadi milimita 2,300 za mvua kwa mwaka, ilhali kaskazini mwa mlima huohuo ni kama milimita 900. Kwa hiyo rafiki yako aliyepandia Sirimon, njia ya upande wa kaskazini, mwezi wa Februari akarudi na koti kavu hajakudanganya, ila mavazi yake hayakutoshi wewe.

Baridi yenyewe unaweza kuikadiria ukiwa nyumbani. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Embu mjini ni karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Point Lenana ni mita 4,985. Adhuhuri ya nyuzi 24 pale Embu, kwa hesabu hiyo, ni kama nyuzi 2 kule juu. Na wengi hufika Lenana alfajiri, saa ambayo maji ya chupa huweza kuganda. Wakisikia hivyo, watu hukimbilia jaketi moja nene, lile zito lenye kujazwa ndani, na hilo ndilo kosa linaloniuma kuliko yote. Kwenye mwinuko wa msitu utatoa jasho ndani yake baada ya nusu saa. Ukilivaa unalowa kwa ndani, ukilivua unapigwa na mvua.

Adui wa njia hii ni unyevu, uwe wa mawingu au wa mwili wako. Mtu anayepanda huzalisha joto jingi. Akisimama kupumzika huku fulana imemgandama mgongoni, joto hilo hutoroka kwa dakika chache. Ndiyo maana nasisitiza mavazi mepesi yanayopangwa moja juu ya jingine. Linalogusa ngozi liwe la poliesta au sufu nyembamba. Jezi ya mpira uliyo nayo tayari inafaa kabisa. Juu yake vaa sweta jepesi la manyoya ya poliesta, lile ambalo hata likilowa ukilikamua hubaki na joto kidogo. Koti la mvua huja juu ya yote. Fulana ya pamba na jinzi viache nyumbani. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, na kwenye ukungu wa mita 3,000 haikauki hadi urudi.

Sasa koti lenyewe. Mitumba ya soko la Gakoromone mjini Meru au ya soko la Embu huwa na makoti mazuri sana ya mvua, mengi yakiwa bora kuliko mapya ya bei hiyohiyo, lakini ni lazima uyakague. Geuza ndani nje. Tazama mishono: kila mmoja uwe umefunikwa kwa utepe uliogandishwa, hasa mabegani na pale kofia inaposhikana na shingo. Koti lisilo na utepe litavujia hapohapo hata kama kitambaa ni kizima. Kisha sugua utando wa ndani kwa kidole gumba. Ukinata, au ukibanduka vipande vyeupe, lirudishe koti kwa muuzaji, kwa sababu utando uliozeeka haurekebishiki. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipenya kirahisi, hilo ni koti la upepo tu. Mwisho, omba maji kidogo, uyamimine kwenye mkunjo wa kitambaa, uyaache hapo mkiendelea kupatana bei, kisha upapase upande wa pili.

Maji yakitapakaa juu ya kitambaa badala ya kufanya matone, usilikatae kwa sababu hiyo pekee. Ni dawa ya juu iliyoisha. Lifue kwa sabuni kidogo ya maji, usitie ile ya kulainisha nguo, suuza sana, na likishakauka, kama lebo inaruhusu, lipige pasi ya moto mdogo. Mara nyingi matone hurudi.

Lebo nyingine hudai koti linapumua. Huenda ni kweli mahali pakavu, ila ndani ya mianzi iliyofunikwa na ukungu hewa ya nje tayari imejaa unyevu, hivyo jasho lako hutoka polepole sana. Hapo zipu za kwapani zina faida kuliko jina lolote la kitambaa. Chagua koti linaloingia juu ya sweta bila kukubana, kofia yake ikazike kwa kamba isipeperuke, na mikono ifike kwenye viganja. Uzito wa gramu 300 hadi 450 unatosha. Yale mepesi mno huchubuka mabegani yakisuguliwa na mikanda ya begi. Mwavuli unasaidia msituni, lakini ukifika mbugani juu ya miti upepo utaugeuza. Poncho nayo hunasa kwenye mianzi.

Kulivaa nako kuna utaratibu. Asubuhi mara nyingi huwa na anga safi, mawingu yakapanda kabla ya adhuhuri. Anza safari ukisikia kibaridi kidogo, upate joto kwa kutembea. Manyunyu yakianza, vua sweta, livae koti juu ya fulana peke yake, fungua zipu za kwapani. Mkisimama, sweta lirudi mara moja kabla hujaanza kutetemeka. Na uwe na seti nzima, fulana, suruali na soksi, ndani ya mfuko usiopenya maji uliofungwa vizuri, ambayo huivai kamwe ukitembea. Hiyo ni ya hemani, hata kama nguo za mchana utazivaa mbichi kesho yake. Inachukiza, lakini hukauka mwilini ukishaanza kupanda.

Wapagazi wako pia wana miili. Wengi hubeba mizigo wakiwa na sweta la pamba na karatasi ya nailoni, na mteja huona hilo siku ya pili, mvua ikinyesha kwenye bonde la Gorges Valley. Mkiwa Chogoria mjini, kabla ya gari kuondoka, omba kila mmoja aonyeshe koti na nguo zake kavu. Fanya hivyo na wewe ukifungua begi lako mbele yao. Kinachokosekana kinunuliwe papo hapo, kwani kwenye lango la hifadhi, mita 2,950, hakuna mitumba. Na mkiwa njiani, mpagazi au mwenzako akianza kujikwaa, akaongea kwa ulimi mzito au akaacha kutetemeka ilhali bado amelowa, simamisheni msafara, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mpeni kitu cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na mtafute msaada wa kumteremsha.